Jino la Zamzam na Adhana ya Saa Nane

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025. Mvua ya rasharasha ilianza jioni ya Jumanne, ikanyesha kwa vipindi usiku kucha, na mitaro ya Mchafukoge ilijaa hadi ukingoni. Umeme ulikatika saa nne za usiku, ukarudi saa saba. Saa nane na dakika tano, mtaa mzima ukiwa umejikunyata ndani ya mashuka kwa kale kaubaridi ka mvua, Bushiri aliwasha kipaza sauti cha msikiti, akasafisha koo, akaadhini Alfajiri.

Aliadhini vizuri. Hata waliomkasirikia walikubali hilo. Alipofika pale pa kuwakumbusha waumini kwamba sala ni bora kuliko usingizi, aliivuta sauti kama anavyoivuta siku zote, ikapanda ghorofa za jirani moja baada ya moja. Kisha akazima kipaza sauti, akaketi safu ya kwanza kungoja watu.

Alingoja sana. Aliyetokea mwisho wake alikuwa Mzee Uwesu, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, kanzu kaivaa nje ndani, tochi ya simu kaielekeza usoni kwa Bushiri.

"Bushiri."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Saa ngapi sasa hivi?"

Bushiri akatazama saa ya ukutani, ile ya umeme yenye tarakimu nyekundu. Tangu umeme urudi ilikuwa inapepesa sufuri nne tu.

"Itakuwa kumi na moja na..."

"Nane na nusu," alisema Mzee Uwesu. "Nimetoka kitandani saa nane na dakika kumi. Nimetawadha kwa maji ya baridi saa nane na robo. Mke wangu kaniuliza, baba unakwenda wapi, nikamwambia we mwanamke, huisikii adhana? Sasa nikirudi namwambia nini?"

Bushiri akaitazama tena saa ya ukutani. Kilichomwamsha hakikuwa kitu cha kukitaja msikitini.

Mzee Uwesu alizima tochi. "Kamati itakaa Ijumaa baada ya sala. Kati ya leo na Ijumaa usikosee tena. Ukikosea, Alfajiri anaichukua yule kijana Hashimu."

Bushiri alikuwa na miaka arobaini na saba. Mchana aliuza regileta na mipira ya majiko ya gesi katika kibanda cha mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Alikuwa mpole, na katika biashara ya Kariakoo upole ni hasara. Mteja akimuuliza kitu, muuzaji wa kibanda cha pili ndiye aliyejibu, na mara nyingi ndiye aliyeuza. Nyumbani alikuwa na mke, Maimuna, ambaye alizungumza kwa niaba yake, na mabinti wawili walioolewa, ambao walimpigia simu ili wazungumze na mama yao. Lakini kila Alfajiri, kwa muda wa dakika tatu, hakuna aliyemkatiza. Miaka kumi na minne hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na watu walikuwa wakisema ukitaka kurekebisha saa yako, mngoje Bushiri.

Miaka kumi na mitatu ya mwanzo aliamshwa na kengele ya simu. Baadaye akazaliwa Zamzam.

Zamzam alikuja wakati Maimuna amekwisha gawa nepi na beseni la kuogeshea. Alikuwa mtoto wa ajabu kwa usingizi. Tangu alipotimiza miezi mitatu alilazwa saa mbili usiku, akalala kama aliyelipwa, na saa kumi na nusu barabara akaamka kunyonya. Si na robo, si na dakika arobaini. Maimuna alijisifu bombani mpaka majirani wakachoka. Bushiri yeye wiki ya pili alizima kengele ya simu. Kwa nini kuamshwa na chuma wakati upo mtoto? Zamzam akilia, Bushiri aliinuka, akatawadha, akavaa kanzu, akapiga hatua mia mbili na kumi mpaka msikitini. Hakuhitaji tena kutazama saa ila ile ya ukutani, kwa ajili ya dakika za mwisho. Watu wakaendelea kumsifu, naye akaendelea kusema ni uwezo wa Mungu.

Basi usiku ule wa mvua Zamzam, akiwa na miezi saba na siku nne, aliamka saa saba na nusu. Alilia kilio kilekile. Bushiri aliinuka, akatawadha, akavaa kanzu, na msikitini, saa ya ukutani ikipepesa, akazikadiria mwenyewe dakika za mwisho.

Asubuhi Mama Nice alimngoja uani na kijiko cha kuopolea maandazi mkononi. Mama Nice alikuwa Mngoni wa Songea, amepanga chumba cha mbele, na maandazi yake ndiyo chai ya nusu ya wapagazi wa Kariakoo.

"Baba Badria," alisema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "habari za asubuhi? Au bado ni usiku?"

"Nisamehe, Mama Nice."

"Mimi Mkatoliki, baba. Unajua. Lakini maandazi yangu ni Waislamu, yanaamka kwa adhana. Wewe umeadhini, mimi nimekanda, nimekaanga, saa kumi kasoro niko sokoni na maandazi mia na ishirini. Tuko mimi na paka. Mlinzi ananiuliza, mama, mumeo kakufukuza? Nikamwambia hapana, kanifukuza muadhini."

"Mtoto aliamka," alisema Bushiri kwa sauti ya chini.

"Mtoto aliamka na wewe ukaamua tuamke wote?"

Usiku wa pili Bushiri alijiandaa. Aliwasha kengele ya simu, akaiweka simu kando ya mto. Zamzam aliamka saa saba, akaamka saa nane, akaamka saa tisa. Alilia, akanyonya kidogo, akaliachia titi kwa hasira kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu, akajitia ngumi mdomoni, akalia tena. Mate yalimtoka mpaka kifua cha fulana ya Bushiri kikalowa. Wakapokezana. Saa kumi kasoro mtoto alilala kifuani kwa baba yake. Baba yake alifumba macho kidogo tu, ili asimwamshe.

Alipoyafumbua, adhana ilikuwa inapigwa. Ilikuwa adhana nzuri, ya kijana, yenye mikunjo.

"Nani huyo?" aliuliza Maimuna gizani.

"Hashimu."

Maimuna alisikiliza. "Ana sauti nzuri."

"Kengele ya simu yangu haikulia?"

"Ililia, nikaizima. Mtoto ndiyo kwanza kalala, wewe unataka kumpigia kengele?"

Bushiri alilala pale pale chini ya mtoto, macho juu, akisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na uwezo wa kuinuka bila kumwamsha.

Mchana wa Alhamisi alifika Bi Tatu, mama yake Maimuna, kutoka Buguruni. Aliitwa aje kusaidia, na msaada wake wa kwanza ulikuwa kuuliza maswali. Mtoto ana homa? Hana. Anaharisha? Hapana. Tumbo? Laini. Kijicho? Alikuwa na tone la wanja kwenye kisigino, haiwezekani. Bi Tatu akamtazama mjukuu wake aliyelala mchana huo kwa raha zote, akatikisa kichwa.

Mama mkwe na mkwe wake wa kiume, katika nyumba zenye adabu, hawasemezani mambo mazito ana kwa ana. Bi Tatu alikuwa mtu wa adabu. Kwa hiyo Bushiri aliporudi kula chakula cha mchana, Bi Tatu alimpakata Zamzam, akamgeuza amtazame, akazungumza naye.

"Mke mwenzangu," alimwambia mtoto, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike, "wewe umebemendwa."

Bushiri alisimama na bakuli la maharage mkononi.

"Usinifiche, mke mwenzangu. Mtoto anayenyonya halii usiku bila sababu. Halii mpaka mtu mzima atoke nje ya ndoa yake, akarudi na ya huko. Sasa mimi nimesikia kuna mtu wa nyumba hii alitoka usiku wa manane. Saa nane. Muulize alikuwa wapi."

"Mama," alisema Bushiri, "niliadhini. Mtaa mzima ulinisikia."

Bi Tatu hakumtazama. "Mwambie, mke mwenzangu, adhana ni dakika tatu. Kurudi amerudi saa kumi na mbili. Mwambie kwamba bibi yako alisoma hesabu."

"Nilibaki msikitini nangoja watu wa Alfajiri!"

"Watu gani hao wa saa nane, mke mwenzangu?"

Maimuna, ambaye siku zote alizungumza kwa niaba ya mumewe, safari hii alichambua mchele. Aliuchambua kwa makini sana mchele ambao ulikuwa safi.

Bi Tatu alikwenda bombani kuchota maji, na aliporudi ndoo ilikuwa imejaa na mtaa umejaa pia. Alasiri hiyo muuzaji wa kibanda cha pili alimpa Bushiri pole bila kusema ya nini. Fundi viatu wa kona, mtu ambaye kwa miaka mingi alimsalimia tu, alimkonyeza. Na Bushiri akaona wazi kwamba jambo lake limekwisha hama. Muadhini aliyekosea saa anaweza kusamehewa. Muadhini anayetoka usiku kwenda kusikojulikana hawezi kushika kipaza sauti, na kamati inakaa kesho.

Jioni alimlisha Zamzam uji yeye mwenyewe, kwa sababu Maimuna alikuwa na kichwa kinachomuuma. Kijiko kilikuwa kile kidogo cha chuma. Mtoto alifunua mdomo, Bushiri akaingiza kijiko, na akasikia sauti.

Ti.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Mpira wa gesi wenye tundu la ncha ya sindano aliutambua kabla ya kupaka povu la sabuni. Akatoa kijiko, akakitazama, akakirudisha polepole upande uleule, chini, mbele.

Ti.

"Maimuna!" aliita, kwa sauti ya Alfajiri, hadi Mama Nice akachungulia dirishani kuona kama jua limekuchwa au linachomoza. "Maimuna, kuna jino!"

Maimuna alikuja mbio. Walimlaza Zamzam mapajani, wakammulika kwa simu. Fizi ya chini ilikuwa nyekundu na imevimba, na katikati ulikuwepo mstari mweupe mwembamba kuliko ukucha. Mama Nice aliingia akatazama, akasema meno ya watoto wengine ni ya plastiki, mabaya, yanaleta ugonjwa, na huko kwao kuna mama anayeyang'oa kwa spoku ya baiskeli. Maimuna akamfunika mtoto mdomo kwa kiganja.

Bi Tatu alikuwa ameketi pembeni. "Mke mwenzangu," alimwambia mtoto, "kijiko hicho kimegonga bakuli."

Ijumaa Bushiri, ambaye hakulala kabisa, aliadhini kwa wakati, na asubuhi Maimuna alimpeleka mtoto kliniki, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kupimwa uzito, na Bushiri alifunga kibanda akaenda naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mabinti wa kwanza. Nesi alinawa mikono, akampapasa mtoto fizi, akasema mawili yanakuja, moja limeshachungulia.

"Lakini mbona mchana hana shida?" aliuliza Bushiri. "Anacheka. Usiku ndiyo vita."

"Mchana ana mambo mengi, baba," alisema nesi. "Ana kijiko, ana paka, ana sura za watu. Usiku amebaki na fizi yake tu. Na umri huu amekwisha jua mama yake ni mtu anayeweza kuondoka, kwa hiyo akiamka lazima ahakikishe kama yupo. Zamani akishtuka alirudi kulala mwenyewe. Sasa anawaita mashahidi."

Aliwaambia wamsugue fizi kwa kidole safi au kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, wasimpake asali wala dawa ya mtaani, na yeyote atakayesema amkwangue fizi wamfukuze. Akipata homa kali au kuharisha wamrudishe, maana hiyo haitakuwa kazi ya jino. Bushiri alimwomba arudie ile habari ya usiku na fizi, akaisema pamoja naye mpaka ikamkaa.

Baada ya sala ya Ijumaa kamati ilikaa: Mzee Uwesu, wazee wengine wawili, na Hashimu, kijana wa miaka ishirini na mitatu anayeuza makava ya simu. Alikaa pembeni, macho kwenye mkeka.

"Jambo la kwanza ni adhana ya saa nane," alisema Mzee Uwesu. "La pili ni adhana ya jana, iliyopigwa na mwingine. La tatu," akakohoa, "la tatu ni la nyumbani kwa mtu, na mimi sipendi kuingia nyumbani kwa mtu. Lakini limeshatoka nje lenyewe. Tumesikia mtoto amebemendwa."

Wazee wawili walitazama dari.

"Mzee," alisema Bushiri, na kwa mara ya kwanza katika mkutano wowote alisimama, "nina shahidi."

"Yuko wapi?"

"Nje, barazani. Amebebwa."

Alitoka, akarudi na Zamzam mikononi. Nyuma yake, mlangoni, walibaki Maimuna na Bi Tatu, kanga zimewafunika mpaka machoni. Bushiri alitoa kijiko mfukoni mwa kanzu, akakigonga fizini mwa mtoto. Kamati ikasogea.

"Sikusikia," alisema mzee wa kwanza.

"Rudia," alisema wa pili.

Ti.

"Hiyo inaweza kuwa pete yako," alisema Mzee Uwesu. "Nipe mimi. Mikono yangu ina udhu." Akaingiza kidole cha shahada mdomoni mwa Zamzam. Zamzam alimtazama mwenyekiti kwa utulivu, kisha akauma.

"Lipo!" alipiga kelele Mzee Uwesu. "Lipo, lipo! Mwambieni aachie!"

Alipopata kidole chake alikitazama, akawaonyesha wenzake. Mzee wa kwanza aliomba naye ajaribu, akakatazwa.

"Basi hakuna aliyebemendwa," alisema Mzee Uwesu. "Hilo nalifunga. Lakini jino halielezi saa nane. Watoto wote wanaota meno, Bushiri. Wangu walikuwa tisa. Mbona mimi sikuadhini usiku?"

Hapo ndipo pagumu. Bushiri angeweza kusema umeme, na saa ya ukutani, na mvua. Alimtazama Maimuna mlangoni, akaona kwamba safari hii hakuna atakayezungumza kwa niaba yake.

"Kwa miezi minne," alisema, "aliyekuwa ananiamsha ni huyu. Nilizima kengele. Alikuwa anaamka saa kumi na nusu kila siku, haendi mbele, harudi nyuma. Nyinyi mkanisifu, na mimi nikanyamaza. Sifa zilikuwa zake."

Kisha mabega ya mzee wa pili yakaanza kutikisika.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Uwesu polepole, "kwa miezi minne muadhini wa msikiti huu ni mtoto wa kike anayenyonya."

"Muadhini ni mimi, mzee. Yeye alikuwa mwamshaji."

"Na mtoto ana meno mangapi kwa jumla? Ya utotoni?"

"Ishirini."

"Ameota mangapi?"

"Moja, mzee. La pili linakuja."

Mzee Uwesu alihesabu kwa kile kidole kilichoumwa. "Kumi na nane bado. Mpaka amalize tutakuwa tumesali Isha asubuhi." Akamgeukia Hashimu. "Kijana, utaweza Alfajiri?"

Bushiri alimshika mtoto vizuri zaidi.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema Hashimu. "Mimi naomba msinipe. Magharibi na Isha naziweza, hata kila siku. Jana niliadhini kwa sababu nilikuwa sijalala, nilikuwa natazama tamthilia kwenye simu. Nilipotoka hapo nililala mpaka adhuhuri, bosi kanikata siku. Baba Bushiri ameamka miaka kumi na minne. Mimi mara moja tu, na bado naumwa."

Kamati ilinong'ona kwa muda mfupi. Mzee Uwesu alitoa uamuzi: saa ya ukutani itabadilishwa iwe ya betri, Bushiri atabaki na Alfajiri, akikosea mara moja zaidi, awe na mtoto au asiwe naye, kipaza sauti kinampita. "Na atakayekuamsha," alimalizia, "awe mtu au kitu chenye meno yote."

Barazani Bi Tatu alimpokea mjukuu wake. Alimweka begani, akampigapiga mgongo. "Mke mwenzangu," alisema, "mwambie yule mtu kwamba kesho bibi anapika pilau. Mwambie ale ashibe."

"Nimesikia, mama," alisema Bushiri.

"Mwambie sikuwa nazungumza naye."

Usiku wa kuamkia Jumamosi Zamzam aliamka mara tatu. Bushiri alimsugua fizi kwa kitambaa cha baridi, Maimuna akamnyonyesha, Bi Tatu akamwimbia kitu ambacho hakikumlaza yeyote isipokuwa Bi Tatu. Simu haikuwa kando ya mto. Bushiri aliizima sauti, akaiwekea mtetemo, akaifunga kiunoni ndani ya kikoi, mahali ambapo Maimuna asingeifikia bila maelezo.

Saa kumi na nusu simu ilimtetemesha mpaka akaruka. Alitawadha, akavaa kanzu, akaenda, mikono mitupu na macho mekundu. Alikaa mbele ya saa mpya ya betri, akaitazama, akatazama ya simu, kisha akamngoja mlinzi wa ghorofa ya jirani apite, akamuuliza saa ngapi. Zote tatu zilikubaliana. Ilipofika kumi na moja na dakika kumi na mbili aliwasha kipaza sauti na kuadhini, bila haraka, mpaka mwisho. Watu wakaja, wengi kuliko kawaida, baadhi yao simu mkononi wakihakiki. Sala ilipokwisha Bushiri aliegemea nguzo ya safu ya kwanza ili avute uradi, akalala hapohapo, na wazee wa kamati wakatoka kwa kunyata, viatu mkononi. Aliamka saa mbili na nusu, akafungua kibanda akiwa amechelewa, na mteja wa kwanza alipouliza bei ya regileta, alimjibu yeye kabla ya jirani yake kufunua mdomo.